NMB au CRDB? Soma kwanza miaka yao mibaya

Kila mwaka benki zinapotangaza magawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa, swali moja huzunguka maofisini, vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp: nina milioni mbili zangu, ninunue hisa za benki ya NMB au za CRDB? Majibu huja haraka. Mmoja atasema CRDB, maana hisa zake ni za bei ndogo na kwa milioni mbili utapata nyingi. Mwingine atasema NMB, maana gawio lake la mwaka 2024 lilikuwa shilingi 428.85 kwa hisa, wakati la CRDB lilikuwa 65. Namba hizo ni za kweli, lakini aliyeuliza anabaki palepale alipokuwa, kwa sababu hakuna jibu lililoigusa kampuni yenyewe.

Kwa anayetaka kujifunza kuichambua kampuni kabla ya kununua hisa zake, benki hizi mbili ni mahali pazuri pa kuanzia. Ziliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam zikifuatana, NMB Novemba 2008 na CRDB Juni 2009. Ndizo benki kubwa kuliko zote nchini. Zinasimamiwa na Benki Kuu ileile na zinachapisha taarifa za kila robo mwaka kwa fomu ileile, mstari kwa mstari, hata mtu asiye mhasibu anaweza kuziweka ubavu kwa ubavu akazisoma. Mimi nitazilinganisha kwa kuanzia pale zilipoumia. Uchumi ukiwa mzuri karibu kila benki hupata faida, na taarifa zao hufanana kama zimeandikwa na mkono mmoja. Tofauti huonekana siku mambo yakiharibika, na kwa bahati nzuri siku hizo zimeandikwa na mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Kabla ya kufika huko, tuliondoe kwanza lile la bei.

Bei ya hisa moja na thamani ya benki nzima

NMB imegawanywa katika hisa milioni 500. CRDB ina hisa takriban bilioni 2.61. Mkate mmoja ukikatwa vipande vitano na mwingine vipande ishirini na sita, bei ya kipande kimoja haiwezi kukuambia ni mkate upi unauzwa kwa nafuu. Hapo ndipo anapopotea anayesema CRDB ni rahisi kwa sababu hisa yake moja ina bei ndogo kuliko ya NMB, na hapo hapo anapopotea anayeshangilia gawio la mia nne mbele ya la sitini na tano.

Njia ya kulinganisha ni kugawa. Chukua faida baada ya kodi, igawe kwa idadi ya hisa, upate faida ya kila hisa. Kisha chukua bei ya hisa sokoni uigawe kwa faida hiyo. Tutumie mwaka 2023, kwa kuwa hesabu zake zilishakaguliwa na kufungwa. NMB ilipata faida ya takriban shilingi bilioni 545, sawa na shilingi 1,090 kwa hisa. CRDB ilipata takriban bilioni 424, sawa na shilingi 162 kwa hisa. Mwisho wa mwaka huo hisa ya NMB ilikuwa ikiuzwa karibu na shilingi 4,500 na ya CRDB karibu na 460. Kwa hiyo mnunuzi wa NMB alilipa takriban shilingi nne kwa kila shilingi moja ya faida ya mwaka, na mnunuzi wa CRDB alilipa pungufu kidogo ya shilingi tatu. Kwa upande wa gawio, NMB ilitoa shilingi 361, yaani asilimia 8 ya bei ile. CRDB ilitoa 50, yaani karibu asilimia 11.

Bei hizo zimeshapitwa, usinunue kwa hizo. Rudia hesabu hiyohiyo kwa bei ya leo na faida ya mwaka wa mwisho uliokaguliwa. Ninachotaka uone ni kwamba kwa mwaka ule CRDB kweli ilikuwa rahisi zaidi, ila kwa sababu tofauti kabisa na ile inayotajwa vijiweni. Soko zima lilikuwa likiithamini NMB kwa takriban shilingi trilioni 2.25 na CRDB kwa trilioni 1.2, ingawa faida zao hazikupishana kwa kiasi hicho. Kwa nini watu wakubali kulipa zaidi kwa shilingi ya faida ya NMB kuliko kwa shilingi ya faida ya CRDB? Ukilijibu swali hilo umeshafanya sehemu kubwa ya uchambuzi, na jibu lake liko miaka ya 2015 hadi 2018.

Miaka ya shida

Mwaka 2016 Serikali iliagiza taasisi za umma zihamishe fedha zao kutoka benki za biashara kwenda Benki Kuu. Fedha zile zilikuwa amana za bei nafuu sana kwa benki, na zilipoondoka benki zikalazimika kutafuta amana nyingine kwa riba ya juu. Wakati huohuo wafanyabiashara wengi waliokuwa wakilipwa na Serikali walicheleweshewa malipo, biashara zikapoa, na mikopo ikaanza kusuasua. Mikopo chechefu, yaani ile ambayo wadaiwa wameshindwa kuilipa kwa wakati, ikavuka asilimia 10 kwa sekta nzima ya benki, wakati kiwango ambacho Benki Kuu inataka kisizidi ni asilimia 5. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano ndogo kwa siku moja kwa sababu ya mtaji mdogo: Covenant Bank for Women, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Mwezi huohuo kanuni mpya za kimataifa za uhasibu zilianza kuzitaka benki zitenge fedha kwa hasara zinazotarajiwa, zisisubiri mkopo uharibike kwanza.

NMB na CRDB zilipita katika dhoruba hiyo moja. Tazama magawio yao, kwa shilingi kwa kila hisa, kwa mujibu wa mwaka wa hesabu:

| Mwaka | NMB | CRDB |
|---|---|---|
| 2015 | 104 | 17 |
| 2016 | 104 | 10 |
| 2017 | 64 | 5 |
| 2018 | 66 | 8 |
| 2019 | 96 | 17 |
| 2020 | 137 | 22 |
| 2021 | 193 | 36 |
| 2022 | 286 | 45 |
| 2023 | 361 | 50 |
| 2024 | 428.85 | 65 |

Faida ya CRDB ilishuka kutoka takriban bilioni 129 mwaka 2015 hadi takriban bilioni 36 mwaka 2017. Gawio likatoka 17 hadi 5, pungufu ya asilimia 70. Kwa NMB, faida ya 2016 ilikuwa zaidi ya bilioni 150, ikaanguka hadi chini ya bilioni 100 mwaka uliofuata, na gawio likatoka 104 hadi 64, pungufu ya asilimia 38 hivi. Zote ziliumia, ila moja iliumia karibu mara mbili ya mwenzake, na ilianza kuumia mwaka mmoja mapema.

Aliyeipata adha hiyo zaidi ni mwanahisa wa CRDB aliyeongeza mtaji mwaka 2015. Benki iliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 350 kila moja ili kukuza mtaji. Kufikia 2019 hisa ileile ilikuwa sokoni kwa karibu shilingi 100. Mtu aliyekuwa na ada ya mtoto ndani ya hisa zile hakuwa na pa kukimbilia: akiuza anakubali hasara ya zaidi ya theluthi mbili, akisubiri anapokea gawio la shilingi 8.

Sasa soma jedwali hilo kwa upande wa pili. Kutoka shimo la 2017 hadi 2024, gawio la CRDB liliongezeka mara 13. La NMB liliongezeka mara 6.7. Benki iliyoanguka sana ndiyo iliyoinuka sana, na aliyenunua CRDB kwa shilingi 100 wakati wengine wakikimbia alipata alichokipata.

Halafu fanya hesabu ya tatu, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Linganisha 2015 moja kwa moja na 2024, uruke kila kilichotokea katikati. Gawio la NMB lilikua mara 4.1. La CRDB lilikua mara 3.8. Kwa miaka tisa, baada ya misukosuko yote, wanahisa wa benki zote mbili walifika karibu mahali pamoja. Kilichotofautiana ni njia. Mmoja alipita njia yenye bonde moja la wastani, mwingine alishuka hadi chini kabisa kisha akapanda mlima mkali. Ukishaliona hilo, swali la kuchagua linaacha kuwa "ipi nzuri" na linakuwa la kwako: fedha hizi utazihitaji lini, na kuna uwezekano gani utalazimika kuuza ukiwa bondeni?

Jambo moja zaidi kwenye jedwali hilo. Gawanya gawio kwa faida ya kila hisa, mwaka baada ya mwaka, utakuta benki zote mbili hutoa takriban theluthi moja ya faida na kubakiza mbili. Zilifanya hivyo miaka mizuri na miaka mibaya. Kwa mchambuzi hiyo ni zawadi: ukiona faida ya robo tatu za mwaka unaweza kukadiria gawio kabla halijatangazwa. Pia inakuonya kwamba hakuna benki hapa iliyokuahidi gawio lisiloshuka. Faida ikianguka, gawio linaanguka nayo.

Kwa nini moja iliumia zaidi

NMB ilizaliwa mwaka 1997 ilipogawanywa iliyokuwa Benki ya Taifa ya Biashara. Ilirithi mtandao wa matawi ya wilayani, mahali ambapo benki nyingine hazikuwa na hamu ya kwenda, na ikajengeka juu ya mishahara ya watumishi wa umma: walimu, wauguzi, askari. Mkopo wa mtumishi hukatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia mkononi, na mkopo wa namna hiyo haufi kirahisi hata biashara zikilala.

CRDB ilitoka kwenye benki ya ushirika na maendeleo vijijini iliyobinafsishwa mwaka 1996. Ilikua kwa kasi ikawa benki ya wafanyabiashara, makandarasi, kampuni kubwa na wakulima wa mazao ya biashara. Mikopo ya namna hiyo ni mikubwa, inaleta riba nzuri na ada nzuri, na mteja mmoja mkubwa akikwama anatikisa hesabu za robo nzima. Kipindi kile mikopo chechefu ya CRDB ilivuka asilimia 10 huku ya NMB ikibaki chini zaidi.

Leo zimekaribiana. CRDB nayo ina mikopo mingi ya watumishi, NMB nayo inakopesha kampuni kubwa na kilimo. Kwa hiyo usiichukue historia hii kama hukumu ya milele. Ichukue kama sababu ya kufungua taarifa ya mwaka ya kila benki, kwenye maelezo ya hesabu, utafute jedwali linaloonyesha mikopo kwa sekta. Humo utaona ni kiasi gani kiko kwa watu binafsi, kiasi gani kwenye biashara, kilimo, ujenzi, usafirishaji. Benki ambayo sehemu kubwa ya mikopo yake iko kwenye sekta moja inayotegemea malipo ya Serikali au bei ya zao moja, iandike pembeni.

Uongozi nao ulibadilika baada ya shida ile. Charles Kimei, aliyeiongoza CRDB kwa miongo miwili, alistaafu 2018 na nafasi ikachukuliwa na Abdulmajid Nsekela. Ruth Zaipuna alianza kuiongoza NMB kama kaimu na akathibitishwa 2020. Magawio mazuri ya miaka ya karibuni ni ya viongozi hawa wawili, katika uchumi uliokuwa ukikua. Hatujawaona wakipita katika kipindi kama cha 2017 wakiwa kwenye viti hivyo. Nalisema hilo bila kuwashusha. Ni pengo katika ushahidi, na mnunuzi anapaswa kujua pengo liko wapi.

Mikopo chechefu inavyopungua bila mtu kulipa

Watu wengi wakisoma taarifa ya benki huangalia faida na gawio, wakafunga gazeti. Mimi ningekuomba uende chini kabisa ya ukurasa, kwenye sehemu ya viashiria vya hali ya kifedha. Hapo kuna uwiano wa mikopo chechefu kwa mikopo yote, mtaji kwa mali yote, mikopo kwa amana, na matumizi yasiyo ya riba kwa mapato. Kwa benki, mistari hiyo ina maneno mengi kuliko kurasa za matangazo zilizotangulia.

Uwiano wa mikopo chechefu ndio unaoshangiliwa zaidi. Benki zote mbili siku hizi ziko chini ya asilimia 5 inayotakiwa na Benki Kuu, na kila mwaka hutajwa kama ushahidi wa afya. Ni dalili njema kweli, lakini uwiano huo unaweza kushuka kwa njia tatu, na ni moja tu inayokupa sababu ya kufurahi.

Njia ya kwanza ni wadaiwa kulipa. Ya pili ni benki kuufuta mkopo vitabuni: mkopo haupo tena kwenye hesabu ya chechefu, lakini fedha haikurudi, ilishahesabiwa kuwa hasara. Ya tatu ndiyo inayowapita wengi. Chukua benki yenye mikopo ya bilioni 100, na bilioni 8 kati yake ni chechefu. Uwiano ni asilimia 8. Benki hiyo ikikopesha bilioni 60 mpya, mikopo yote inakuwa bilioni 160, zile 8 ziko palepale, na uwiano umeshuka hadi asilimia 5. Hakuna aliyelipa hata shilingi. Na ile mikopo mipya ya bilioni 60 bado michanga; mkopo hauharibiki wiki ya kwanza, huanza kusumbua baada ya mwaka au miaka miwili.

Benki hizi zote mbili zimekopesha kwa kasi tangu 2021. Kwa hiyo usiishie kwenye asilimia. Tafuta kiasi cha mikopo chechefu kwa shilingi, ukilinganishe na mwaka uliopita. Tafuta tengo la hasara za mikopo lililokatwa kwenye mapato ya mwaka. Kama mikopo imekua kwa asilimia 25 lakini tengo limepungua, uongozi unaamini wateja wapya ni bora kuliko wa zamani, na wewe una haki ya kuuliza kwa nini. Faida inaweza kupendezeshwa kwa kutenga kidogo leo, kisha deni hilo likalipwa na wanahisa watakaokuwepo miaka miwili baadaye.

Kwenye taarifa ya mwaka, soma pia ripoti ya mkaguzi wa hesabu, hasa sehemu ya mambo makuu ya ukaguzi. Makadirio ya hasara za mikopo huwemo humo, kwa sababu ndipo penye maamuzi mengi ya kibinadamu. Soma mkaguzi alijaribu nini na alikuta nini. Ni kurasa mbili au tatu tu.

Wale waliojifunza kuchambua kampuni za viwanda huambiwa wafuate mtiririko wa fedha taslimu. Kwa kiwanda cha saruji ushauri huo ni mzuri sana. Kwa benki unakupoteza, maana fedha ndiyo bidhaa yenyewe: amana zikiingia kwa wingi mtiririko unapendeza, mikopo ikitoka kwa wingi unachafuka, na vyote viwili vinaweza kuwa habari njema au mbaya. Kwenye benki, fuata ubora wa mikopo na gharama ya amana.

Matumizi, na kampuni tanzu za nje

CRDB ina mali nyingi kuliko NMB, lakini NMB imekuwa ikipata faida kubwa zaidi. Sababu kubwa ni matumizi. Benki Kuu inataka matumizi yasizidi asilimia 55 ya mapato. Zote mbili ziko ndani ya mpaka huo, ila mwaka 2023 NMB ilishuka chini ya asilimia 40 na CRDB ilikuwa juu ya hapo. Kwa lugha ya dukani, kila shilingi mia inayoingia NMB inabakiza zaidi baada ya mishahara, majengo na mitambo.

Hapo mtu anaweza kusema basi NMB imeshinda. Subiri. Sehemu ya matumizi ya CRDB ni gharama ya kupanda mbegu nje. Ilifungua Burundi mwaka 2012, na 2023 ikafungua Lubumbashi, Kongo. Nchi kama Kongo ina watu wengi na huduma chache za kibenki, na biashara kati ya Lubumbashi na bandari ya Dar es Salaam ni kubwa. Mbegu hizo zikishika, CRDB itakuwa na uwanja wa kukua ambao NMB, inayofanya karibu biashara yake yote Tanzania, haina. Zisiposhika, mwanahisa ndiye atakayelipa. Kuna pia sarafu: faranga ya Burundi ilishushwa thamani kwa kiasi kikubwa Mei 2023, na faida iliyopatikana kwa faranga ikibadilishwa kuwa shilingi inapungua hata kama benki ya kule imefanya kazi nzuri.

Kwa sababu hiyo, ukisoma taarifa ya CRDB utaona safu mbili, ya Benki peke yake na ya Kundi, yaani benki pamoja na kampuni zake tanzu. Linganisha Kundi na Kundi. Nimeona watu wakichukua safu ya Benki huku na ya Kundi kule, wakabishana usiku kucha.

Siku ya kuuza

Kununua hisa Dar es Salaam siku hizi ni rahisi, hata kwa simu, au kupitia dalali aliyesajiliwa. Kuuza ndiko kunakotofautiana.

Kwa NMB, kampuni ya Arise, iliyochukua hisa zilizokuwa za Rabobank, ina asilimia 34.9, na Serikali kupitia Msajili wa Hazina ina 31.8. Wawili hao wana theluthi mbili na hawauziuzi. Theluthi moja iliyobaki ndiyo inayozunguka, na sehemu yake iko kwa taasisi ambazo nazo hukaa nayo. Kwa CRDB, mfuko wa Denmark wa DANIDA una karibu asilimia 21, PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ni mwanahisa mwingine mkubwa, na zilizobaki ziko kwa maelfu ya watu na vyama vya ushirika. Hisa za CRDB huuzwa na kununuliwa kwa wingi kuliko za kampuni nyingine nyingi pale sokoni.

Maana yake ni kwamba mwenye CRDB akipata dharura kwa kawaida hupata mnunuzi mapema. Mwenye NMB anaweza kusubiri zaidi. Na kuna mtego wa macho hapa. Baada ya miaka ya shida, bei ya NMB ilikaa karibu na shilingi 2,340 kwa muda mrefu sana bila kusogea. Mtu akitazama mchoro anaona utulivu. Sehemu kubwa ya utulivu huo ilitokana na biashara kuwa ndogo. Bei haisogei kama hakuna anayeuza wala kununua. Kabla ya kununua hisa yoyote pale sokoni, angalia idadi ya hisa zilizobadilishana mikono kila siku kwa mwezi mzima, siyo bei peke yake.

Nani achukue ipi

Mwenye fedha za kustaafia, anayetaka gawio limsaidie kila mwaka na hapendi mawimbi, kwangu mimi aende NMB, akubali kulipa zaidi kidogo kwa kila shilingi ya faida. Miaka mibaya ilionyesha kwa nini soko linaidai bei hiyo.

Kijana mwenye kipato, anayeweka kidogo kidogo kila mwezi na ana miaka kumi mbele, CRDB inamfaa ikiwa hesabu ya bei kwa faida bado inaonyesha iko chini ya mwenzake siku anayonunua. Pengo hilo likifutika, sababu yangu ya kuipendekeza imepungua sana, maana atakuwa analipa bei ya utulivu kwa benki ambayo rekodi yake ina shimo kubwa zaidi.

Anayehitaji fedha ndani ya mwaka au miwili asinunue yoyote. Anayetaka kipato tu, bila kujali kukua, alinganishe pia na hatifungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali kwa riba, kabla ya kuamua. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanzishwa 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, na waliokuwa nayo mwaka huo walipata zaidi ya gawio la benki yoyote hapa. Viwango vya hatifungani mpya vimebadilika tangu hapo, angalia vya sasa.

Na wapo watakaogawa nusu kwa nusu. Siyo uamuzi mbaya, ila wajue wananunua sekta moja mara mbili. Yaliyotokea 2016 yalizigonga zote kwa pamoja.

Ukishaamua, angalia tarehe ya kufunga daftari la wanahisa, siku inayoamua nani atapata gawio. Ununuzi huchukua siku tatu za kazi kukamilika, kwa hiyo aliyenunua jana yake hatapata gawio la mwaka huo. Gawio likija, litakatwa kodi ya asilimia 5 kwa kuwa kampuni imeorodheshwa sokoni. Kisha nenda kwenye mkutano mkuu, au ufuatilie kwa mtandao. CRDB kwa kawaida hufanyia wake Arusha mwezi Mei na huutanguliza kwa semina ya wanahisa, ambako mwenye hisa mia ana haki ya kusimama na kuuliza kama mwenye milioni. Uliza mikopo chechefu imepungua kwa njia ipi kati ya zile tatu.